Mzee alikuwa anamtafuta "John Wayne" siku mbili nzima, kumbe ni opena ya makopo

Boksi Halijaisha:
Wakuu salaam. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu tutaonana mbele.

Niko Minnesota, kazi ni hizi hizi zetu mnazozijua, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti ya usiku. Kwenye korido yangu kuna mzee mmoja miaka 70 na ushee, alipigana Vietnam 1968 mpaka 69 akiwa kikosi cha Marine, mkali kama pilipili ila ukimzoea ni mtu poa sana, mimi namwita babu na yeye anadhani ndo jina la cheo flani Afrika anafurahi kweli.

Sasa wiki tatu zilizopita naingia kazini namkuta amevuruga droo zote. Namuuliza babu vipi, ananiambia John Wayne wangu yuko wapi. Nikamwambia tulia babu nakuletea. Nikaenda sebuleni nikatafuta kwenye TV nikapata muvi ya zamani ya makauboi nikamsukuma na kiti chake hadi pale nikamwekea sauti juu. Jamani alinitazama vile mzee anavyomtazama mtoto aliyemletea maji ya moto akiwa ameomba ya baridi. Akasema sio huyo, nataka WANGU, na mkono akawa anashikashika hapa kifuani.

Basi kwenye ripoti wa shifti ya mchana kaandika mzee ameanza kuchanganyikiwa, anaulizia muigizaji aliyekufa zamani. Siku ya pili vile vile. Hali chakula, na ukimgusa anafoka. Ikaanza kuongelewa habari ya kumwita daktari amwangalie kichwa.

Usiku ule nikampigia simu binti yake, ni mama mtu mzima naye ana wajukuu. Nikamweleza, akacheka mpaka akalia, sijui alilia kweli au vipi sikuelewa. Akaniambia John Wayne ni opena ya makopo. Kadude kadogo ka chuma, urefu kama kifundo cha kidole gumba, baba yake alipewa na jeshi na tangu arudi Vietnam hajawahi kukaa nacho mbali, kwanza kilikaa shingoni pamoja na vile vibati vya jina, baadae kikahamia kwenye funguo za gari, gari walipomnyang'anya akakirudisha shingoni. Alifungulia nacho makopo ya rangi, akafungia skrubu za miwani, akakatia kamba za samaki. Binti anasema akiwa mdogo alijua baba yuko karibu kwa ule mlio wa chuma kinagonga chuma.

Kumbe mzee kichwa chake kizima kabisa. Alikuwa anataja kitu kwa jina lake, sisi ndo tulikuwa hatulijui hilo jina.

Tumetafuta. Chini ya kitanda, bafuni, mifuko ya nguo, mashine ya kufulia, mpaka ule mtego wa nyuzi wa mashine ya kukaushia nimeutoa mara mbili. Hakuna. Nadhani kilienda na mashuka. Nakuja kuendelea maana kuna kituko kingine nilifanya, ila kwanza nataka kuuliza, kuna mtu humu anaijua hii kitu? Na kwa nini watu wazima waliorudi vitani na medali wanalilia opena?

Mama Tumsifu:
Nimekaa hapa nasubiri na chai yangu. Huyo aliyeandika amechanganyikiwa naye apimwe 😂

Kichwa Ngumu:
Sasa boksi hicho kidude bei gani? Maana nimeangalia hapa mtandaoni naona dola moja mbili na vingine wanauza kwa mafungu kama njugu. Si umnunulie kingine yaishe. Wazungu nao kwa kudeka. Huku wazee wetu waliopigana Kagera wanadai hata kofia hawana na hawalii.

Sajini Kahama:
Naijua vizuri mkuu, ngoja nikae sawa.

Mimi niliingia jeshi la Marekani kwa ule mpango wa lugha, ulioanza 2009, ambao ulichukua watu wa nje wenye lugha wanazozihitaji na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Wengi wetu Wabongo na Wakenya tuliingia kwa mlango huo kabla hawajaufunga 2016. Kwa hiyo mimi ni kizazi cha chakula cha mifuko, unachana kwa mkono unakula, opena ya nini? Sijawahi kupewa hiyo kitu na jeshi. Niliyo nayo nilipewa na sajini mkuu mmoja siku anastaafu, alipita anatugawia vitu vyake, mwingine akapata tochi, mwingine mkanda, mimi akanipa opena. Nikajua nimepigwa. Wenzangu wakaniambia wewe ndo umepewa ya maana.

Jina lake rasmi ni refu la kistoo, opena ya mkono ya kukunja aina ya kwanza, ila wote wanaita P-38. Ilibuniwa 1942 kwenye maabara ya chakula ya jeshi kule Chicago. Ni bamba moja la chuma, kijisu kimoja kinachokunjika, na tundu la kupitishia kamba au mnyororo. Basi. Hakuna springi, hakuna mpini, hakuna cha kuharibika. Ilitumika vita kuu ya pili, ikaenda Korea, ikaenda Vietnam, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80 makopo yalipoanza kuondolewa ikaja mifuko.

Jina la P-38 wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema ni kwa sababu unatoboa mara 38 kuzunguka kopo. Wengine wanasema ni ile ndege ya P-38 kwa sababu inafanya kazi haraka. Mimi nimeipima kwa rula ni milimita 38 juu ya alama, na ile kubwa yake ya wapishi inaitwa P-51 nayo ni milimita 51, sasa hapo mbishi abishe na rula. La John Wayne ni la watu wa Marine zaidi, wanasema jamaa alionekana akiitumia kwenye filamu ya mafunzo ya jeshi, na mzee wa boksi kwa kuwa alikuwa Marine ndo maana alisema hivyo. Angekuwa wa jeshi la kawaida angesema P-38 na nyie mngemletea ndege.

Sasa kwa nini wanailia. Kule Vietnam chakula kilikuja kwenye katoni ya milo 12, kila mlo una makopo, na opena ndani ya katoni zima zilikuwa chache, hazitoshi watu 12. Kwa hiyo ukipata yako unaining'iniza shingoni hutoi. Bunduki ni ya serikali utairudisha, kofia utairudisha, buti zitaoza. Opena hakuna aliyekuja kukudai. Ndo kitu pekee watu wengi walirudi nacho nyumbani bila kusaini popote.

Kichwa Ngumu:
[Sajini Kahama alisema: mngemletea ndege]
😂😂 hapo nimekubali. Lakini swali langu halijajibiwa, si anunuliwe nyingine?

Mjukuu wa Keya:
Nawasoma kutoka Nyeri. Kichwa Ngumu wewe ni mgumu kweli jina halikukosea.

Guka yangu, yaani babu, alikuwa Keya, askari wa jeshi la Mwingereza la KAR, alipelekwa Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, 1944, wakapita lile bonde la Kabaw kwa mvua na malaria mpaka wakavuka mto Chindwin mwezi wa kumi na mbili. Hao hawakuwa na hizo P-38, yeye alikuwa anatuambia nyama ya kopo ilikuwa inakuja na kifunguo chake kimebandikwa kwa kopo, unakisokota bati inajikunja kama mkeka. Na ukivunja hicho kifunguo ndio hivyo, unachukua panga na unaomba Mungu vidole.

Yeye kitu alirudi nacho ni kijiko. Kijiko tu cha bati, alikuwa amekwaruza namba yake nyuma na msumari. Hakuna mtu alikuwa anaruhusiwa kukitumia, hata mgeni. Siku moja nikiwa mdogo nikala nacho uji, sikuchapwa, alikichukua tu polepole akakiosha mwenyewe na mchanga akakipangusa akaweka kwa mfuko wa koti, halafu hakuniongelesha hadi jioni. Afadhali kiboko.

Alipoaga, shosho, yaani nyanya yangu, akawa anakitumia kupima sukari dukani. Kikapotea tu hivyo kati ya kuhama na kuhama. Mimi niko na miaka 41 na hicho kijiko naweza kukuchorea hata mahali kilikuwa kimepinda. Sasa niambie ninunue kingine supamaketi.

Mama Tumsifu:
Daah. Mjukuu umenimaliza na huo uji.

Fundi Sufuria:
Mimi nije kwa upande wa ufundi maana hizo za machozi mmezimudu. Huku kwetu kopo likija halina ile pete ya kuvuta watu wanafungua na kisu na jiwe, au kisu na mwiko, hospitali zinajua habari hiyo. Hizi opena za kuzungusha za dukani za bei rahisi meno yanaisha mwezi wa pili, halafu inazunguka kopo inalikuna tu kama inalikanda. Boksi hicho kidude kinafanyaje kazi, kinashikwaje? Nataka nitengeneze cha kwangu na msumeno wa chuma uliokatika.

Boksi Halijaisha:
Nimerudi wakuu samahani shifti ilibana. Naanza na Kichwa Ngumu maana kile kituko nilichosema ni hicho hicho chako, mimi nilifanya unachosema wewe.

Kuna duka mjini la mitumba ya jeshi, yaani makoti, mabegi, vyandarua, mapipa ya risasi matupu, kila kitu. Nikaenda siku yangu ya mapumziko. Opena ziko kwenye bakuli pale kaunta kama pipi. Nikachagua moja inayong'aa, nikanunua na mnyororo. Jamaa muuzaji akaniuliza ni zawadi? Nikasema ni ya mzee ameipoteza yake. Akanyamaza kidogo akasema sawa, jaribu. Hiyo "jaribu" nilipaswa kuisikiliza vizuri.

Nimefika nikampa babu nikiwa natabasamu meno yote nje. Akaipokea, hakuitazama hata, akaikunjua kwa kucha ya kidole gumba akaikunja, akaikunjua akaikunja. Akanirudishia. Anasema hii ngumu. Yake ilikuwa imelegea kwenye bawaba, ilikuwa inajikunjua yenyewe shingoni usiku inamchoma kifuani, miaka yote hiyo inamchoma na hakuwahi kuibana. Akavuta shati akanionyesha, ana kialama hapa chini ya shingo kadogo kama chanjo. Akasema kule msituni walikuwa wanavifunga vibati vya jina kwa tepu visigongane adui asisikie, na opena wanaifunga humo humo, ila tepu ikilowa inabanduka na kijisu kinatoka.

Kwa hiyo Kichwa Ngumu jibu lako ndo hilo, ni ngumu. Ya dukani haijui kumchoma.

Akasema hiyo ya kwako wewe. Nikasema babu mimi sili makopo. Akasema utajifunza.

Kichwa Ngumu:
Sawa bana nimekaa chini. Endelea.

Boksi Halijaisha:
Fundi Sufuria sasa sikiliza, haya nimefundishwa na mwenyewe, mikono yake inatetemeka hawezi kushika kopo kwa hiyo alikuwa ananielekeza kwa mdomo na matusi.

Nilileta kopo la pichi kwenye sharubati, yeye ndo alichagua. Unashika kopo mkono wa kushoto. Opena unaishika kati ya kidole gumba na cha shahada, kijisu kimesimama, kile kipengo pembeni unakinasa chini ya ukingo wa kopo. Halafu hupigi, husukumi kwa nguvu, unakunja kiganja tu kwenda mbele kama unageuza ufunguo mzito, kijisu kinazama, tk. Unasogeza kidogo, unakunja tena, tk. Kopo ndo linazunguka sio mkono. Mimi mwanzo nilikuwa naruka nafasi kubwa bati linabaki na meno meno, akaniambia ukiendelea hivyo utalamba damu yako na pichi. Mwisho usimalizie duara lote, unaacha kipande kidogo ndo kinakuwa bawaba, unakikunja kifuniko nyuma kinakuwa mpini wa kushikia kopo likiwa motoni.

Nilijaribu kuhesabu zile 38, nilifika arobaini na kitu nikapoteza hesabu na kopo halijaisha, ila mimi ni mwanafunzi. Babu anasema yeye kopo dogo alikuwa analimaliza kabla hujawasha sigara, na gizani, na mvua inanyesha.

Halafu kopo tupu hawatupi, wanatoboa matundu chini kuzunguka, opena hiyo hiyo, linakuwa jiko. Wanaweka kidonge cha kuwashia moto ndani, na kidonge kikikosekana wanakata kipande kidogo cha baruti ile ya C-4, inaungua moto mkali bila kulipuka, ila walikuwa wanaonyana ole wako uikanyage kuizima. Msijaribu nyumbani, tena msiwe nayo kabisa nyumbani jamani.

Sajini Kahama:
Muulize kuhusu lile kopo la nyama ya nguruwe na maharage ya lima. Muulize tu halafu kaa mbali.

Boksi Halijaisha:
Nilimuuliza kabla hujaniambia 😂 lilikuwa na jina lake kule, siandiki hapa modi atanifungia. Anasema katoni ikifika sajini anaigeuza juu chini ili maandishi yasionekane, kila mtu anachagua kwa bahati, na ukipata hilo unaanza kuzunguka kutafuta mjinga wa kubadilishana naye. Pichi na keki ndo dhahabu, mtu akiwa na kopo la pichi na la keki anaweza kubadilisha na sigara karibu zote za wenzake, maana kila mlo ulikuwa na sigara nne ndani.

Hapo ndo akasema kitu ambacho naona ndo jibu la uzi huu, ingawa hakusema kama jibu. Alikuwa na rafiki yake, jina silitaji, wao walikuwa na utaratibu, mmoja akipata pichi na mwingine keki hawabadilishani na mtu yeyote, wanasubiri jioni wanafungua pamoja, keki inalowekwa kwenye sharubati ya pichi. Opena ilikuwa moja kati yao wawili. Ya rafiki yake. Miezi 13 ndo walikuwa wanakaa watu wa Marine, yeye alimaliza, mwenzake hakumaliza. Opena siku hiyo ilikuwa kwake kwa sababu ilikuwa zamu yake kufungua.

Kwa hiyo haikuwa hata yake. Amekaa nayo miaka hamsini na kitu kama mtu aliyeazima.

Mjukuu wa Keya:
...

Mama Tumsifu:
Nilikuwa na chai imepoa sijui hata saa ngapi.

Fundi Sufuria:
Na binti yake alijua hiyo habari?

Boksi Halijaisha:
Nilimuuliza kwa simu. Alijua opena, alijua Vietnam, hakujua rafiki. Amekuja Jumapili na keki ya duka na makopo mawili ya pichi. Mimi ndo nilifungua, babu akasimamia. Sijamwambia mtu aliyeandika ile ripoti lakini nimeomba iandikwe upya, na kwenye faili lake sasa kuna mstari unasema mzee akitaja John Wayne anamaanisha opena ya makopo, mtafutieni.

Kinachonishangaza pale kazini watu wanamuogopa kidogo tangu lile tukio, wakati yeye ndo ametulia. Ameanza kula. Nikiingia usiku ananiuliza iko wapi, namwonyesha iko kwenye funguo zangu, anaikunjua anaikunja, anasema bado ngumu, ananirudishia.

Kichwa Ngumu:
Itumie sana ilegee. Fungua makopo hata ya jirani.

Boksi Halijaisha:
Ndo nafanya hivyo. Mke wangu analalamika tunakula maharage ya kopo wiki ya pili hii na dengu zipo kwenye gunia.

Sajini Kahama:
Mafuta usiweke kabisa. Ifungue kwa kopo tu na ioshe na maji ya moto, yangu ilichukua miaka.

Fundi Sufuria:
Nimetengeneza ya kwangu kwa msumeno uliokatika. Imefungua kopo la nyanya na kidole. Nashona nyuzi mbili nikirudi nitaleta picha.

Mama Tumsifu:
😂😂😂 Fundi pole. Boksi na ile ya zamani haijapatikana mpaka leo?

Boksi Halijaisha:
Haijapatikana dada yangu. Nimeongea na watu wa dobi wanaochukua mashuka, wana boksi la vitu vilivyookotwa, nimechambua lote, kuna meno ya bandia matatu, pete, kitufe cha redio. Nitaenda tena Alhamisi mzigo mwingine unashuka.

Nina swali la mwisho, Desemba nakuja Dar kuona wazazi, na hii kitu iko kwenye funguo. Uwanja wa ndege wataipitisha?

Sajini Kahama:
Usijaribu mkononi, ukimkuta afisa asiyeijua anaona kisu anaitupa pipani. Iweke kwenye begi kubwa la mizigo. Au muachie babu akutunzie mpaka urudi.

Boksi Halijaisha:
Hiyo ya kumuachia sikuwa nimeiwaza. Ngoja nimuulize leo usiku.